Kiberiti cha muuzaji hakipimi dari: moto unavyopita juu ya vichwa vyetu

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Kufunga dari ndiyo kazi yangu kwa miaka mingi sasa, na uzi huu nimeuahirisha mara nyingi. Naandika leo kwa sababu wiki iliyopita niliitwa kubomoa dari za nyumba iliyoungua, na nilichokikuta kule hakijanitoka kichwani.

Nyumba ilikuwa na dari za aina mbili. Sebuleni kulikuwa na vigae vya povu jeupe, yaani polistirini, vile vyepesi vinavyokatika kwa kisu cha karatasi, vimebandikwa kwa gundi. Koridoni kulikuwa na jipsamu. Moto ulianzia sebuleni, kwenye taa ya dari. Watu wote walitoka salama, namshukuru Mungu kwa hilo.

Nilipoingia sebuleni sikuona kigae hata kimoja juu. Vyote vilikuwa chini. Vilikuwa juu ya kochi, juu ya zulia, juu ya meza, vimeganda kama nta nyeusi ya mshumaa, na kila tone lilipotua palikuwa na tundu lililoungua. Kochi lilikuwa limetobolewa kama chujio. Maana yake ni kwamba moto haukusubiri kutambaa kutoka kiti hadi kiti. Ulinyesha.

Nikaenda koridoni. Karatasi ya jipsamu ilikuwa imekwisha kuungua, bodi yenyewe imekuwa ya kijivu, ina nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka. Nikang'oa kipande, nikakigeuza. Karatasi ya nyuma ilikuwa imepiga ukahawia tu. Papi za mbao zilizoibeba bodi bado zilikuwa na rangi yake, na mstari wa penseli wa fundi aliyezipima ulikuwa unasomeka.

Mwenye nyumba aliniambia neno ambalo ndilo limenileta hapa: "Fundi, nilipima. Muuzaji aliwasha kiberiti cha gesi mbele yangu, kigae kikajikunja, moto ukazima." Alisema kweli. Povu lililotiwa dawa ya kupunguza moto hujikunja likaukimbia mwali mdogo, na lisipouona mwali haliwaki. Lakini ndani ya chumba kinachoungua, litakimbilia wapi?

Moto ukiwaka chumbani, joto halibaki pale ulipoanzia. Hewa ya moto na moshi hupanda, hugonga dari, kisha husambaa pande zote kama maji yaliyomwagika, ila yanatiririka juu badala ya chini. Muda si mrefu dari nzima inafunikwa na tabaka la moshi wenye joto kali. Tabaka hilo likifika nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, joto lake humulika chini kwa ukali kiasi kwamba kochi, zulia na pazia hushika moto bila kuguswa na mwali, karibu vyote kwa pamoja. Aliyebaki ndani dakika hiyo hatoki. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Dari inayowaka na kochi linalowaka ni vinga viwili vinavyotazamana, kila kimoja kinakichochea kingine.

Kwa hiyo kuuliza "inaungua au haiungui?" hakutoshi. Mimi nauliza hivi: mwali unakimbia kwa kasi gani juu ya uso wake? Inadondosha matone yanayowaka? Inatoa moshi kiasi gani, na wa namna gani? Halafu kuna swali ambalo karibu kila mteja wangu hulisahau: juu ya hiyo dari kuna nini?

Nianze na jipsamu, maana watu wengi wanajua ni nzuri bila kujua kwa nini. Siri yake ni maji. Jasi, madini ambayo bodi ya jipsamu imetengenezwa nayo, imefunga maji ndani ya fuwele zake, karibu asilimia 21 ya uzito. Bodi ya milimita 12.5 ina kilo 8 hivi kwa mita mraba, kwa hiyo juu ya kichwa chako kuna zaidi ya lita moja na nusu ya maji kwa kila mita mraba, nayo hayalowanishi kitu. Moto ukiipiga bodi, lazima kwanza uyatoe maji hayo yawe mvuke, na kazi hiyo hula joto jingi sana. Hadi yatakapokwisha, upande wa nyuma hukaa karibu na nyuzi 100 tu. Ndiyo maana mstari wa penseli ulibaki. Maji yakiisha, bodi ya kawaida hupasuka na kuporomoka. Zile za moto hasa zimechanganywa na nyuzi za kioo ili zishikamane hata baada ya kukauka.

Polistirini huanza kulegea kwenye nyuzi 100 hivi, joto la maji yanayochemka, kabla hata ya kuwaka. Ikiwaka inatoa moshi mweusi mzito na yale matone niliyoyaona. Ukiipaka rangi ya mafuta inayong'aa unaizidishia ubaya, kwa sababu mwali unapata njia ya kukimbilia juu ya uso. Mimi siifungi tena ndani ya nyumba, na anayetaka nimbandikie simpokei, hata kama ni jirani.

Plaiwudi, hadibodi na mbao za ulimi na mfereji ni kuni zilizopangwa vizuri. Nyembamba huwaka haraka kuliko nene. Bodi laini za nyuzi za miti, zile zenye vitundu vya kunyonya sauti, ni mbaya zaidi. Tarehe 8 Desemba 1961, hospitali ya Hartford kule Marekani iliwaka moto ulioanzia kwenye mfereji wa kutupia taka, ukatokea ghorofa ya 9, na vigae vya dari vilivyokuwa vinashika moto vikaukimbiza koridoni. Watu 16 walikufa.

Bodi za saruji na nyuzi, kalsiamu silikati, vigae vya pamba ya mawe na chuma haviwaki, au mchango wao kwenye moto ni mdogo mno. Sina la kuongeza hapo.

Karibuni.

MPANGAJI WA GHOROFANI

Mkuu, ahsante sana. Nyumba ninayokaa ina dari ya PVC, zile mbao ndefu za plastiki zinazong'aa. Mwenye nyumba alinihakikishia haishiki moto. Nimelala chini yake miaka minne. Nidanganyike au niamini?

MLETA MADA

Ndugu yangu, alichokwambia kina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo hatari. PVC ngumu zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, na klorini inauzuia mwali. Ukiondoa chanzo cha moto, mara nyingi yenyewe huzima. Kwenye lile swali la kwanza inajibu vizuri kuliko polistirini.

Sasa nenda swali la moshi. Klorini ile ikipata joto hutoka kama gesi ya hidrojeni kloridi. Ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu inakuwa asidi. Unafumba macho wakati unatakiwa kuona mlango, unakohoa wakati unatakiwa kukimbia. Tena PVC hulegea ikifika nyuzi 80 hivi, kwa hiyo mbao zile huanza kupinda na kuning'inia mapema, na zinaweza kukuangukia njiani unapotoka. Zikianguka, moto unakutana uso kwa uso na kilichokuwa kimefichwa juu.

Sisemi uhame leo. Nasema uwe na king'ora cha moshi kinachofanya kazi, na njia ya kutokea usiijaze vitu. Halafu fungua kile kimlango cha kupandia darini uone mwenyewe juu kuna nini.

FUNDI UMEME

Mleta mada, umeligusa ninalolipigia kelele kila siku. Niongezee kutoka upande wangu.

Nafasi kati ya dari na paa ndipo mafundi wengi hutupa aibu zao. Nimekuta maungio ya waya yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe tu, hayana boksi, yamelala juu ya plaiwudi. Maungio yaliyolegea hupata joto bila kukata umeme. Swichi kuu haioni kosa, kwa sababu umeme unaopita ni ule ule wa kawaida. Ni pale kwenye kiungo tu ndipo panapooka, siku baada ya siku, mpaka mbao iliyo karibu inakuwa mkaa.

La pili ni taa za kuzama. Zile za halojeni ni moto mtupu, zinahitaji nafasi ya kupumua pande zote. Mtu anakuja baadaye anatandaza pamba au povu la kuzuia joto juu yake, joto linakosa pa kwenda. Za LED ni afadhali, ila kile kisanduku chake cha kubadilisha umeme nacho hupata joto, usikifunike. Na kila tundu la taa ni mlango. Bodi inaweza kuwa nzuri kabisa, ukaitoboa matundu 12, ukawa umeutengenezea moto njia 12 za kupanda.

MLETA MADA

Fundi, ubarikiwe. Na huko juu kuna kosa jingine la kwetu wajenzi: kuta za vyumba huishia kwenye dari badala ya kwenda hadi kwenye paa au sakafu ya juu. Ukiwa chini unaona vyumba vitano. Ukipanda juu unakuta chumba kimoja kikubwa. Moto ukiingia humo unatembea juu ya kila mtu aliyelala, na vitambua moshi vilivyofungwa chini ya dari havijui kitu mpaka umeshafika mbali.

Wenye kudhani hili ni la nyumba ndogo tu wakumbuke uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, tarehe 11 Aprili 1996. Mafundi walikuwa wanachomelea kwenye barabara iliyopita juu ya jengo. Chuma kilichoyeyuka kikapenya kwenye mwanya, kikafika kwenye polistirini ya kuzuia joto iliyofichwa ndani ya dari. Moto ulijijenga humo kabla watu wa chini hawajajua ukubwa wake. Waliokufa walikuwa 17. Abiria aliyepita chini ya dari ile, hata angeinua macho, asingeiona polistirini.

MCHANGIAJI ASIYEKUBALI

Samahani, lakini naona mnatisha watu. Majumbani moto mwingi huanzia jikoni, kwenye sigara, mishumaa na vitu vya umeme. Anayekufa huuawa na moshi wa godoro na kochi. Dari ni kitu cha mwisho. Mnataka mtu wa kipato cha kawaida abomoe nyumba yake?

MLETA MADA

Mkuu, sikutaka kutisha mtu, na sehemu kubwa ya unachosema nakubali. Dari kwa nadra ndiyo inayoanzisha moto, na moshi unaua zaidi kuliko mwali. Ila tazama mpangilio. Moto wa jikoni ukianza, kitu cha kwanza kikubwa kuguswa na joto lake ni dari, kwa sababu joto linapanda. Dari isiyowaka inakuachia dakika za kumwamsha mtoto. Inayowaka inakunyang'anya hizo hizo. Mimi napigania dakika.

Wala sijasema watu wabomoe kila kitu. Mwenye uwezo mdogo aanze na jikoni, korido na ngazi, yaani pale moto unapozaliwa na pale mtu anapopita kutoka. Vigae vya polistirini vya jikoni vinatoka kwa sepeto siku moja.

MJENZI WA UKUMBI

Habari zenu. Sisi tunamalizia ukumbi wa muziki na mwangwi unatusumbua. Mtu ametushauri tubandike sponji darini na ukutani, ile yenye mikunjo kama trei ya mayai. Ina tatizo?

MLETA MADA

Ndugu, tafadhali usiibandike. Nakuomba kabisa.

Sponji ile mara nyingi ni poliyurethani, aina ya povu la plastiki. Ni nyepesi, imejaa hewa, mwali unaipanda haraka kuliko mtu anavyoweza kusukumana kufika mlangoni. Moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi ya hidrojeni. Pumzi chache zinatosha kumlaza mtu mzima.

Tarehe 20 Februari 2003, kwenye ukumbi wa The Station, West Warwick, Marekani, fataki za jukwaani zilichoma sponji iliyozunguka jukwaa, ukutani na darini. Ndani ya sekunde 90 hivi hali mle ndani haikuwa ya binadamu kuishi tena. Walikufa watu 100. Miaka kumi baadaye, tarehe 27 Januari 2013, ukumbi wa Kiss, Santa Maria, Brazili: fataki tena, sponji ya darini tena, watu 242, wengi wao vijana wa chuo. Kati ya hizo mbili, Desemba 2004, Buenos Aires, fataki ilishika vitu vya plastiki vilivyotandazwa chini ya paa la Cromañón, wakafa 194. Kila nikizisoma habari hizi naona kosa ni lile lile, mabara mawili, na waliolipa walikuwa wamekuja kusikiliza muziki.

Mwangwi unatibika kwa vigae vya pamba ya mawe au ya kioo, au bodi za jipsamu zenye vitundu na pamba ya mawe nyuma yake. Zinanyonya sauti vizuri tu. Na fataki zisiingie ndani, hata kama dari ni ya zege.

ANAYEJENGA

Mimi niko hatua ya kununua. Muuzaji mmoja amenipa karatasi imeandikwa "B-s1,d0", mwingine ananiambia bodi yake ni "ya dakika 60". Ipi bora?

MLETA MADA

Swali zuri sana, na hapa ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Hizo karatasi mbili zinajibu maswali tofauti kabisa.

"B-s1,d0" inaeleza namna kitu kinavyochangia moto. Ni utaratibu wa Ulaya: herufi kutoka A1, isiyowaka kabisa, kushuka hadi F. Ile "s" ni moshi, s1 ndiyo mchache na s3 ndiyo mwingi. Ile "d" ni matone: d0 maana yake hakuna matone yanayowaka ndani ya dakika 10 za jaribio, d1 kuna yanayozima ndani ya sekunde 10, d2 ni zaidi ya hapo. Kwa dari mimi naitazama "d" kabla hata ya herufi.

"Dakika 60" ni habari ya kuzuia moto usivuke kwenda upande wa pili. Na dakika hizo si za bodi peke yake. Ni za mfumo mzima uliochomwa maabara: bodi ile, idadi ya tabaka, fremu ile, umbali ule kati ya skrubu, viungo vilivyozibwa vile. Ukinunua bodi ya dakika 60 ukaifunga kwa skrubu chache, ukaacha viungo wazi, kisha ukatoboa matundu ya taa, zile dakika zimebaki kwenye karatasi.

Marekani wana kipimo kingine: handaki la mita 7.6, kipande kinafungwa juu kama dari, mwali unapulizwa kwa dakika 10. Bodi ya saruji inapewa 0, mbao ya mwaloni mwekundu 100 hivi, na daraja A ni 0 hadi 25. Kizuri, ila plastiki zinazoyeyuka zinaweza kudondoka sakafuni mwa handaki kabla mwali haujasafiri juu, zikapata namba nzuri zisizostahili. Ukiona povu lina daraja A, uliza lilifanya nini lilipoyeyuka.

Na hakikisha jina na unene ulioandikwa kwenye karatasi ndio ulioandikwa kwenye bodi unayopakiwa. Nimeshakuta karatasi ya bodi ya milimita 15 inauza bodi ya 9.

BINTI WA NYUMBA YA ZAMANI

Shikamooni wakubwa. Nyumba ya wazazi wangu ina dari ya mbao, baba aliifunga kwa mikono yake. Sitaki kuitoa. Kuna rangi za kuzuia moto, zinasaidia kweli?

MLETA MADA

Marahaba. Zinasaidia, zikiwa zenyewe na zikipakwa sawasawa. Zile zinazovimba zikipata joto hujenga povu la mkaa linaloikinga mbao kwa muda. Sharti lake ni unene: ukiambiwa kopo moja linatosha mita mraba kadhaa, usilinyooshe lifike mara mbili. Mbao iwe imekwanguliwa vanishi ya zamani, maana rangi ikibanduka inabanduka na kinga yake. Na usije ukapaka rangi yoyote ya kawaida juu yake kabla ya kusoma maelekezo ya kopo. Matundu na nyufa kati ya mbao ziba kwanza. Dari ya baba itabaki.

Kama nyumba ni ya zamani sana na kuna bodi ngumu za kijivu mahali fulani, usizitoboe wala kuzipiga msasa kabla hazijapimwa. Huenda zina asbesto, yaani nyuzi za madini. Asbesto haiungui, lakini vumbi lake linaua mapafu baada ya miaka mingi.

MPANGAJI WA GHOROFANI

Mkuu, nimerudi. Nimepanda darini jioni hii na tochi. Juu ya chumba cha kulala kuna mabaki ya povu jeupe, maboksi ya karatasi, na waya mbili zimefungwa kwa utepe ulioanza kuwa kahawia na kukakamaa. Ziko kama shubiri moja kutoka kwenye povu. Nimezipiga picha.

FUNDI UMEME

Utepe ukiwa kahawia na mgumu, hapo pameshaoka. Zima swichi kuu sasa hivi, usipaguse, na usiku huu usiwashe taa za upande huo. Mpelekee mwenye nyumba hizo picha leo leo. Fundi akija, mwambie akate ile sehemu iliyoungua yote, aweke boksi lenye mfuniko na viunganishi vya skrubu.

MLETA MADA

Na hayo maboksi na povu vitoke kabla fundi hajaanza. Leta mrejesho kesho ukishamaliza, nitakuwa hapa.

MPANGAJI WA GHOROFANI

Nimezima. Naandika kwa mwanga wa simu. Maboksi nimeshayashusha yote, povu nimejaza mifuko mitatu.